Nani Afunzwe Kwanza? Mtoto, Mti na Mkaa wa Kibamba

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na methali hiyo ndiyo hutajwa kila inapohimizwa kuwa watoto wadogo wafunzwe namna binadamu anavyoyaathiri mazingira yake. Haina mpinzani. Hata hivyo, historia ya Tanzania Bara inaleta swali ambalo methali haikuligusa: mfinyanzi mwenyewe amefunzwa nini?

Kibamba ni mahali pafaapo kulitazamia swali hilo. Ni kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, ukingoni mwa Dar es Salaam kuelekea Kibaha, iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla ya kuundwa Wilaya ya Ubungo katikati ya miaka ya 2010. Sensa ya 1967 ilikuta mkoa mzima wa Dar es Salaam hauna hata watu 400,000. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katikati ya hesabu hizo mbili, mashamba ya mihogo, miembe na mikorosho yaligeuka viwanja, na vichaka vikageuka magunia ya mkaa.

Kabla ya shule, Wazaramo wa pwani hii walikuwa na mafunzo yao. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 nafasi ya mti wa mkole katika kumfunda mwari. Lengo la unyago halikuwa kuhifadhi misitu, bali kumwandaa binti kwa uzazi na utu uzima. Lakini aliyefundwa chini ya mkole aliujua mti ule kwa jina na kwa heshima yake, na waliomfunda walikuwa watu wazima wenye kuitii miiko ileile.

Uhuru ulipokuja, Mwalimu Nyerere alitamka jambo ambalo leo hukumbukwa kwa nadra. Alipouwasilisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano mwaka 1964, alisema kwamba wa kuelimishwa kwanza ni watu wazima, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yangechelewa kwa miaka mingi, ilhali mwenendo wa wakubwa ulikuwa na athari siku hiyohiyo. Ndiyo sababu kampeni ya redio ya mwaka 1980, Misitu ni Mali, ilielekezwa kwa vikundi vya watu wazima, wakulima na wakata kuni, waliokutana kusikiliza na kujadiliana.

Baada ya hapo mkazo ulihama taratibu. Mwaka huohuo wa 1980 zilianzishwa klabu za Malihai kwa ajili ya shule, na mwaka 1991 Jane Goodall aliwakusanya wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, wakaanzisha Roots & Shoots, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi duniani. Hizi ni juhudi za kusifiwa. Ila kadiri mtoto alivyozidi kukabidhiwa mche na kopo la maji, ndivyo elimu ya watu wazima ilivyozidi kudhoofika.

Matokeo yako wazi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Dar es Salaam hutumia takriban nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Marufuku ya mkaa ya Januari 2006 haikudumu hata mwezi, kwa kuwa jiko la mama halikupewa mbadala. Msitu wa Pande, ulio kaskazini ya Kibamba, ulifanywa pori la akiba mwaka 1990, ukiwa umekwisha kujeruhiwa vibaya na shoka na tanuri. Mtoto aliyefunzwa darasani kuwa mti ni uhai alirudi nyumbani akatumwa kununua mkaa wa kopo. Ipi kati ya kauli hizo mbili ilikuwa somo?

Mambo yaliyomwingia mtoto ni yale yaliyowabana wakubwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mtoto akamwona baba akienda sokoni na kikapu. Vivyo hivyo, serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, amri ile iligusa jiko la shule, mahali ambapo mtoto anapokea uji wake. Shule iliyobadili jiko imefundisha kabla mwalimu hajashika chaki. Shule inayopika kwa magogo huku ikigawa miche imefundisha pia, ijapokuwa funzo lingine.

Udongo na uwahiwe, basi, ungali maji. Lakini mtoto wa chekechea wa Kibamba hakati mti, hachomi mkaa wala hauzi kiwanja. Kumkabidhi yeye peke yake deni la msitu ni kumlipisha asichokopa, na mche alioupanda hautakua upesi kuliko shoka la mzazi wake.