Jeni ya Alfa-amilasi na Suala la Utambulisho wa Bacillus amyloliquefaciens, 1943–1987

Mwaka 1943 mtaalamu wa Kijapani, Fukumoto, alimpa jina la Bacillus amyloliquefaciens bakteria mwenye uwezo mkubwa wa kuyeyusha wanga. Hata hivyo, kwa miaka mingi bakteria huyo aliendelea kuhesabiwa kuwa namna tu ya Bacillus subtilis. Welker na Campbell walipinga mtazamo huo mwaka 1967, lakini jina hilo halikuingizwa katika orodha rasmi ya mwaka 1980. Je, wingi wa amilasi ulitokana na badiliko dogo katika spishi ileile, au kimeng'enya chenyewe kilikuwa tofauti?

Jibu lilihitaji jeni yenyewe. Mwaka 1982 Ilkka Palva, wa Ufini, alichapisha matokeo ya kuitenga. DNA ya B. amyloliquefaciens ilikatwa kwa kimeng'enya MboI, na vipande vya kilobezi 2 hadi 5 vikaunganishwa na plasmidi pUB110, inayowapa bakteria ukinzani dhidi ya kanamaisini. Plasmidi hizo ziliingizwa katika B. subtilis wasioweza kutoa amilasi. Uteuzi wa mwenyeji huyo ulikuwa na uzito wa hoja: amilasi yoyote iliyoonekana ilipaswa kutokana na jeni ngeni. Jeni ilipatikana katika kipande cha kilobezi 2.3. DNA ya faji lambda ilipopachikwa katika sehemu fulani za kipande hicho, utoaji wa amilasi ulikoma.

Mwaka 1983 Takkinen na wenzake walichapisha mfuatano wa jeni hiyo. Ulibainisha protini ya asidi amino 514, ambazo 31 za mwanzo hukatwa kimeng'enya kinapotolewa nje ya seli, zikabaki 483. Mwaka huohuo Yang, Galizzi na Henner walionyesha kuwa jeni ya amilasi ya B. subtilis hubainisha asidi amino 660. Mifuatano hiyo miwili hufanana katika sehemu fupi chache tu. Tofauti hiyo, kwa hiyo, ilikuwa ya muundo, si ya kiasi pekee.

Hata hivyo, jeni moja haitoshi kuthibitisha spishi, kwa kuwa jeni huweza kuhama kati ya bakteria. Priest na wenzake walipolirejesha jina hilo rasmi mwaka 1987, walitegemea ulinganisho wa DNA kwa ujumla pamoja na sifa za bakteria wenyewe. Mfuatano wa jeni ulieleza kimeng'enya. Utambulisho wa bakteria ulidai ushahidi mpana zaidi.