Hakimu Alipoanza Kuuliza Habari za Nyumbani

Kabla ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kijana wa miaka 16 aliyekamatwa Sokon I, Arusha, kwa kuiba betri ya gari alisimama kizimbani kama mtu mzima. Ndivyo ilivyokuwa tangu sheria ya watoto na vijana ya 1937, tuliyoachiwa na Waingereza: chini ya miaka 12 ni mtoto, toka 12 mpaka kabla ya 16 ni kijana. Hata huyo kijana aliweza kufungwa, hakimu akiona hakuna adhabu nyingine inayomfaa.

Sheria ya 2009 ilipandisha umri hadi 18, ikapiga marufuku mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Ikaunda Mahakama ya Watoto: kesi isikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii awepo. Kanuni za 2016 zikamtwisha afisa huyo kuchunguza maisha ya mtoto na kumpelekea hakimu taarifa kabla ya adhabu. Kwangu mimi, uzito wote uko hapa. Mateso ya utotoni hayamo kwenye jalada la polisi. Afisa akiandika mistari miwili ya haraka, hakimu ataona betri tu.

Kwamba utoto una uzito hata mtu akishazeeka katika uovu, tuliliona kwa Dominic Ongwen wa Uganda. Waasi wa LRA walimteka akiwa na miaka 9 hivi, njiani kwenda shule, naye akaja kuwa kamanda wao. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague walimtia hatiani kwa makosa 61 na kukataa hoja kwamba akili yake ilikuwa na maradhi. Lakini Mei 2021, walipopima adhabu, kutekwa kule kulimwepusha na kifungo cha maisha. Akapewa miaka 25.

Huku kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza 18. Nayo sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliagiza kwamba mvulana wa miaka 18 au chini, akibaka kwa mara ya kwanza, adhabu yake iwe viboko tu. Aliyelelewa kwa fimbo, mahakama nayo imchape.