Kusawazisha: kutoka uwanjani hadi darasa la kemia

Mtangazaji wa mpira akipaza sauti "wamesawazisha!", msikilizaji anajua matokeo yamekuwa sare. Kitenzi hicho, chenye mzizi wa *sawa* uliotoka Kiarabu, kinafanya kazi ileile kwenye ubao wa kemia.

Chukua mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni zinazoungana kuwa maji: H₂ + O₂ → H₂O. Kushoto kuna atomu mbili za oksijeni, kulia moja tu. Mwanafunzi mwenye haraka hubandika 2 ndogo chini ya O, apate H₂O₂. Hesabu imekubali, lakini maji yamegeuka haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kupaushia nywele! Namba ndogo za chini haziguswi. Zinazobadilika ni za mbele: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Sasa kila upande una haidrojeni nne na oksijeni mbili.

Sababu ya pande mbili kulazimika kuwa sawa ilielezwa na Mfaransa Antoine Lavoisier katika kitabu chake cha 1789: kiasi cha maada ni kilekile kabla na baada ya mmenyuko.

Je, *kulinganisha* nako kunafaa kwa kazi hii ya kemia? Kitenzi hicho kimezaliwa na *lingana*, sawa na nomino *mlinganyo*. Tatizo ni kwamba kina maana mbili: kufanya vitu vilingane, na kuviweka pamoja ili kuona tofauti zao. Mtahiniwa akiambiwa "linganisha milinganyo hii miwili", anaweza kuandika insha ya tofauti badala ya kupanga namba. "Sawazisha" haimpi nafasi hiyo.