Kisigino cha Askari

Maradhi ya kisigino, yamchomayo mtu kama msumari anapoteremsha unyayo kitandani alfajiri, kisha yakapoa kidogo akishatembea, Waingereza waliyapa zamani jina la kisigino cha askari, kwa kuwa polisi wao, ambao tangu kikosi cha London kiasisiwe mwaka 1829 kazi yao kubwa ilikuwa kuzunguka mitaa kwa miguu, walidhaniwa kuwa ndio waathirika wakuu. Ama matabibu, mwanzoni mwa karne ya 20 wako waliosadiki kwamba asili yake ni kisonono, na maskini muungwana akabeba pamoja na maumivu yake fedheha asiyoistahiki.

Baadaye ilibainika kwamba kinachouma ni utando mgumu utokao mfupa wa kisigino kwendea vidoleni, na wagonjwa wakaamriwa kusukuma ukuta ili kuinyoosha kano ya nyuma ya mguu. Mnamo 2003 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 101, baadhi yao wakifundishwa zoezi jingine, jepesi ajabu: mtu hukaa, akaupakata mguu mbovu juu ya goti la pili, akavivuta vidole kuelekea muundi hata utando ukakaza kama uzi wa upinde, naye akaupapasa kwa kidole gumba apate yakini, huhesabu 10, hurudia mara 10, mara 3 kwa siku, na ya kwanza ni kabla hajakanyaga sakafu. Baada ya wiki 8, hao ndio waliopata nafuu zaidi katika hatua zao za asubuhi.