Kutoka Mfuko wa Sultani hadi Chukwani

Jioni Forodhani, Zanzibar, hufuka moshi wa mishikaki. Katika karne ya 19, kwenye ufuo huohuo mbele ya Ngome Kongwe, zilishushwa pembe za ndovu, sandarusi na vitambaa vya marekani. Walishushwa pia watumwa, nao kila kichwa kikitozwa ushuru. Bidhaa za Wamarekani zilitozwa asilimia 5 kwa mkataba wa 1833.

Sultani hakujishughulisha na ukusanyaji. Forodha ilikodishwa: kwa miaka mingi ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kutch, baadaye na Taria Topan. Mkodi alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka. Kilichozidi kikawa chake. Sultani akiishiwa, alikopa kwa huyohuyo. Askari, jamaa, zawadi na majumba, vyote vilitoka mfuko mmoja, na hakuna aliyedai hesabu.

Hatua chache kutoka Forodhani ndipo Sultani Seyyid Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mfuko uleule ndio uliolipia mabomba ya kuwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi. Jumba na maji, vyote viwili aliviamua mtu mmoja, na mwaka ambao angebadili nia, raia hawakuwa na pa kulalamika.

Mwaka 1890 Uingereza ikaifanya Zanzibar nchi lindwa. Oktoba 1891 balozi wake, Gerald Portal, akautenga mfuko: Sultani Ali bin Said akapangiwa posho, mapato yaliyobaki yakawekwa mikononi mwa Lloyd Mathews, Mwingereza aliyefanywa waziri mkuu. Daftari zikanyooka. Ila kipaumbele kiliendelea kupangwa bila raia, safari hii na wageni. Hata Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, wajumbe wake waliteuliwa.

Njia iliyoanzia kwenye mfuko wa Sultani inaishia Chukwani, yaliko makao ya Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980. Kila mwaka, kabla ya Julai mosi, mawaziri husoma makadirio yao humo, fungu kwa fungu. Mwakilishi akisimama kuuliza kwa nini kisima cha jimboni kwake hakijachimbwa ilhali fedha zilipitishwa mwaka jana, waziri hana budi kujibu. Mkodi wa forodha hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo, na Barghash hakuna aliyethubutu kumuuliza.