Kutoka barza mpaka kioo cha kusukuma: historia ya dirisha huku kwetu Uvira

Ndugu wahitimu wenzangu, leo naacha mihogo kidogo, niongee juu ya madirisha.

Kuna neno moja linanifurahisha sana. Wabelgiji walikuja Kongo na Kifaransa chao, lakini ule ukumbi wa nje wenye kivuli waliuita barza. Neno ni letu: baraza. Kwao jua ni mgeni wa kukaribishwa, nyumba inafungua kioo limpokee. Huku ziwani iliwabidi wajifunze kulizuia, na jina la dawa walilikuta tayari midomoni mwa watu.

Baraza lilifika mbali kabla yao. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, hapa ndipo palikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara waliotoka Ujiji: watu wa pembe za ndovu na, tusifiche, watu wa kuuza watu. Pamoja na misafara ile michungu ulikuja ujenzi wa pembe nne, ukuta mnene wa udongo, matundu madogo, paa linalotoka nje kufunika baraza. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, walikaa kuongea barazani. Wazee wetu Wavira na Wafuliiru nao walikuwa na nyumba ya nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Watu wengine wanaita hiyo ujinga. Mimi nasema nyasi nene zinazuia joto kuliko bati lolote, na mchana watu walikuwa nje chini ya mti, si ndani.

Wakoloni walichanganya yote: tofali, dari ya juu, barza, na vole za mbao zenye vipande vilivyolala mshazari, hewa inapita na jua linabaki nje. Baadaye yakaja matofali ya matundu, yale mafundi wanaita klostra. Hayana kioo, hayahitaji kufunguliwa, usiku na mchana yanapumua. Kwa maoni yangu, klostra ndiyo ujenzi wenye akili kuliko wote uliowahi kufika pwani hii, na sasa tunaiona kama kitu cha choo na depo tu!

Maana leo kila parsele inataka dirisha la aluminiyumu la kusukuma. Linapendeza, kweli. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, watu makumi walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kisha ziwa lenyewe likapanda na kuingia mitaa ya chini. Tangu hapo familia nyingi zimekuwa zikijenga upya, na pesa ya kujenga mara ya tatu haipo. Dirisha utakaloweka sasa, watoto wako watalala nalo miaka 30. Njo maana naandika.

Dirisha la kusukuma, hata ukilifungua lote, linakupa nusu tu ya tundu, kwa sababu kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Vole ilikuwa inafunguka yote. Halafu kioo cheupe cha kawaida kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua. Likishaingia, linapasha sakafu na ukuta, na joto linalorudi kutoka kwenye vitu hivyo kioo hakilipitishi kirahisi. Sisi wa kilimo tunajua hiyo: ni nyumba ya kuoteshea miche. Rido unayofunga ndani haisaidii sana, joto limeshavuka mlango. Kinachosaidia ni kivuli cha nje.

Rafiki yangu mmoja alinitumia picha ya madirisha ya Ulaya, vioo viwili na katikati hewa iliyofungwa, akauliza kama tuagize. Historia ya kitu kile ni ya kwao. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, Ulaya na Marekani walianza kutafuta kioo cha kuzuia joto la nyumba lisitoke, wakapata kukipaka utando mwembamba sana wa madini. Baadaye wakatengeneza aina ya nchi za joto, inayopitisha robo au theluthi tu ya joto la jua. Ni kitu kizuri kwa nyumba iliyofungwa yenye klimatizeri. Lakini nyumba ya Uvira inaishi wazi, na kurani ya Ruzizi ikikatika klimatizeri inakuwa sanduku la ukutani. Ukifungua dirisha hilo la bei kali upate hewa, umefungua tundu kama matundu mengine.

Na tusiige Bukavu. Kule ni mita kama 1,500 juu ya bahari, jua la saloni ni zawadi. Sisi tuko karibu na mita 770.

Hapa jua linachomoza upande wa ziwa na kuingia moja kwa moja kwenye madirisha ya mashariki tangu asubuhi, kisha mchana linakwenda kujificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Jirani zetu wa Bujumbura, ng'ambo ile, wanachomwa jioni. Kwa hiyo barza ya Uvira inastahili kuangalia ziwa. Upepo nao una saa zake: mchana unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka mlimani. Nyumba yenye matundu pande zote mbili inapata yote. Yenye dirisha kubwa mbele na ukuta mtupu nyuma inapata nusu, na hiyo ndiyo naiona ikijengwa kila mahali.

Inabaki mbu, na malaria ya bonde la Ruzizi si mchezo. Wengi wanafunga vioo saa 12 jioni, wakati ule ule upepo wa mlima unapoanza. Wavu wa chuma kwenye tundu unapunguza upepo, lakini haufungi. Kwa pesa ya kioo kimoja cha kusukuma, muulize fundi wako bei ya klostra mbili na wavu wake, na kama inabaki kitu, panda mwembe upande wa ziwa.