Mizani Nane za Kaizari

Mtoto wa Temeke anapolikuta neno refu la Kiingereza ubaoni, hulikata kama akatavyo neno la kwao: kila irabu na pigo lake, mkazo ukitua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Development" husikika "developumenti", na darasa huangua kicheko. Nami nilichekwa hivyo katika miaka ya 1980. Baadaye nilijifunza Kiingereza mwenyewe, nikihesabu vidoleni kama mtunzi ahesabuye mizani, ndipo nikabaini kwamba sikio lililochekwa halikuwa na kasoro. Ni sikio la kale, lenye historia yake.

Kazi hii haikuanza na Kiingereza. Neno la Kiarabu "waqt", lenye silabi moja, lilipofika pwani lilikunjuliwa likawa wakati, mizani 3. "Ilm" nalo likawa elimu. Konsonanti zilizobanana zilitenganishwa, na neno likapewa irabu ya kuishia. Alipokuja Mwingereza na "club" yake, ilipokewa kwa kanuni ile ile: ki-la-bu.

Walioihifadhi kanuni hiyo kwa hesabu ni washairi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akaziweka katika maandishi kaida ambazo watunzi walizishika kwa masikio. Aghalabu kipande cha utenzi kina mizani 8, na mshororo wa shairi mizani 16, nane kwa nane. Katika hesabu hiyo hata "m" ya mtu ni mizani kamili.

Kiingereza kina desturi nyingine. Katika "photograph" mkazo uko silabi ya kwanza, katika "photographer" ya pili, katika "photographic" ya tatu, na silabi zisizo na mkazo hufifia kinywani. Mkazo wetu nao huhama: andika, andikia, andikiana. Lakini huhama kwa sheria moja, hata asiyewahi kulisikia neno hulitamka sawasawa. Neno la Kiingereza halimpi mgeni dalili ya wazi namna hiyo. Hana budi aambiwe.

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, chapa ya 1963 ilitoka kwa jina Julius Caezar, na ile ya 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Hebu hesabu, msomaji. Kwa ulimi wa Mwingereza jina hilo lina silabi 5, na asemaye upesi humeza moja zikabaki 4. Kwa ulimi wetu ni Ju-li-a-si Ka-i-za-ri: mizani 8, kipande kizima cha utenzi! Mfasiri yeyote wa mashairi aijua gharama hiyo. Mshororo wa Shakespeare, ambao kwa kawaida una silabi 10, hujaa upesi ukitiwa maneno yetu, naye huamua lipi libaki na lipi lingoje mshororo ufuatao.

Watoto wa jirani hunijia jioni na madaftari yao, huku Mbagala. Twaanza na maneno yetu, wakipiga makofi sawasawa kwa kila mizani. Kisha twageukia ya Kiingereza, nikiwataka wapige kofi moja kwa nguvu na mengine taratibu. Wakikosea pa kupiga, nawaonyesha, nao hurudia. Hakuna anayechekwa.